Shajara inayofaa kalamu ya kujaza wino

Ndugu uliyeuliza kwa nini wino wa kalamu yako ya kujaza hupenya hadi upande wa pili wa shajara ingawa karatasi yake ni nene, unene pekee si kipimo, kwani jambo kubwa zaidi ni namna karatasi ilivyotiwa gundi kiwandani ili isinyonye wino upesi. Shajara ya Kijapani ya Hobonichi Techo, kwa mfano, inajulikana kwa karatasi ya Tomoe River yenye uzito wa gramu 52 tu kwa mita ya mraba, nyepesi kuliko ile ya gramu 80 ya kutolea fotokopi, na bado wino haupenyi kirahisi. Hata hivyo, maandishi ya nyuma huonekana kama kivuli, na wino huchelewa kukauka, kwa hiyo anayeandika miadi na kufunga kitabu papo hapo atahitaji nibu (ncha ya kalamu) nyembamba au karatasi ya kukaushia. Dukani, omba kuandika neno moja kwenye ukurasa wa mwisho. Kingo za herufi zikiota vinyweleo, iache shajara hiyo, hata kama jalada lake ni la ngozi.