Lupango isiyo na setifika: ulipe nini, na lini?

SWALI: Ndugu wahariri, nina akiba ya dola 7,500. Nimeonyeshwa lupango (kiwanja) ya mita 15 kwa 20 katika komini Annexe, bei dola 3,000. Mwenyewe ana fishi ya lupango na karatasi ya chifu. Nataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja dola 60 kwa mwezi, na kumalizia kazi kwa garanti (pesa ambayo mpangaji anaweka akiingia) ya miezi sita ya wapangaji. Hesabu inasimama?
Mama F., Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, hizo 3,000 zishike kwanza. Kwa sheria ya Kongo ya 20 Julai 1973, udongo ni wa Serikali. Haki yako juu yake inathibitishwa na setifika, yaani hati ya lupango, inayotolewa na konsevateri, ofisa wa Serikali anayeandikisha hati za ardhi. Fishi na karatasi ya chifu hazitoshi, ndiyo maana lupango moja inauzwa kwa watu wawili, na kila mmoja ana karatasi yake.

Nenda kwa konsevateri, uulize lupango imeandikwa kwa jina la nani na kama imewekwa rehani. Kisha mpimaji wa kadasta (ofisi ya kupima ardhi) apime mipaka majirani wakiwepo; akikuta mita 13 badala ya 15, bei ishuke palepale. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzake naye atie sahihi. Ikiwa ni urithi, warithi wote watie. Hapa ndipo kesi zinapozaliwa: mtoto anatoka Kolwezi anasema yeye hakuuza. Toa kiasi kidogo mkiandikiana mbele ya notari, na kilichobaki siku setifika inapotoka kwa jina lako. Gharama za kubadilisha jina ziweke pembeni tangu leo, wengi wanazisahau.

Vyumba viwili vya mita 3 kwa 4 vilivyoshikana, kuta za mita 2.80, ukitoa milango na madirisha, ni kama mita za mraba 60: bloku 750 za sentimita 40 kwa 20. Hesabu 800, kwa kuwa nyingine zinavunjika. Mfuko wa simenti wa kilo 50 utoe bloku 30 hivi za unene wa sentimita 15. Anayetoa 50 anakuuzia mchanga: kwaruza kwa msumari, ikimomonyoka usiipokee. Bloku mpya zimwagiwe maji siku 7. Na kama pesa ya mabati haipo, usipandishe kuta Oktoba. Mvua itazinyeshea juu mpaka Aprili.

Hiyo garanti iondoe kabisa kwenye hesabu. Sheria ya 31 Desemba 2015 inaruhusu miezi 3 tu kwa nyumba ya kuishi, tena ni pesa ya mpangaji, atakudai akihama. Kodi nayo ihesabu kwa miezi 10, maana chumba kinakaa wazi: dola 1,200 kwa mwaka. Toa 200 za matengenezo, zinabaki 1,000, na ushuru wa mapato ya nyumba bado. Akiba yako itarudi baada ya miaka 7 na nusu, si kabla.

Pesa ikipungua baada ya hati, jenga chumba kimoja chenye paa, mlango na choo, ukipangishe hicho.