Chozi mweusi kama makala, na maswali mengine ya wapiga picha wa lupangoni

SWALI. Jambo wahariri. Kwenye hibisko ya lupango letu (uwanja wa nyumba) huja chozi, ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Kwa macho namwona kichwa kikimetameta kijani, lakini kwenye picha anatoka mweusi kama makala ya moto. Mwezi wa kumi na mbili nilikaa palepale, kwenye kiti kilekile, na picha zilikuwa safi. Je, kamera imeharibika? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU. Kamera ni nzima, Mama. Kilichohama ni jua.

Ule ung'aavu wa kijani haukupakwa ndani ya unyoya kama rangi ya kitenge. Unyoya una tabaka nyembamba mno zinazorudisha mwanga upande mmoja tu. Jua likiwa nyuma yako, mwanga unampiga ndege na kurudi kwenye lenzi, na taji linawaka. Likiwa ubavuni, mwanga unarudi kwingine, nawe unabaki na weusi. Kile chekundu cha kifuani hakizimiki hivyo, ndiyo maana hata kwenye picha zako mbaya bado kinaonekana.

Sasa tazama Lubumbashi ilivyo. Desemba jua la asubuhi linachomoza upande wa kusini-mashariki. Juni linachomoza kaskazini-mashariki, na hata saa sita mchana linabaki upande wa kaskazini. Kiti kilichokupa mwanga wa mgongoni wakati wa mvua, sasa kinakupa mwanga wa ubavuni. Kihamishe mpaka kivuli chako kianguke kuelekea hibisko. Hicho kivuli ndicho kipimo, hakuna haja ya dira. Rudia kupima kila baada ya wiki tatu hivi.

Piga kati ya saa moja na saa mbili u nusu asubuhi. Kasi ya shata (mlango wa mwanga) iwe 1/1600 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe bila kupita 3200. Chozi akisimama hewani akipiga mabawa, panda hadi 1/2500. Kama nyuma yake kuna mbingu nyeupe, ongeza mwanga kwa +1 au zaidi kidogo. Kama kuna kivuli cha ukuta, punguza hadi −0.7, la sivyo chekundu kitaungua. Piga kwa mfululizo, kwa sababu akigeuza kichwa kidogo tu taji huzima.

Jambo moja la hibisko: mara nyingi chozi hapiti mlangoni. Hutoboa kitako cha ua kwa ubavu na kunyonya hapo. Ukielekeza fokasi kwenye mdomo wa ua utampata mgongo. Ielekeze pale ua linaposhikana na kikonyo.

Mwisho wa Oktoba na katikati ya Februari jua la mchana linapita utosini kabisa. Saa hizo kivuli cha ndege kinaangukia tumbo lake mwenyewe. Kaa ndani ule bukari (ugali) yako.

SWALI. Sina kamera kubwa, nina simu tu. Nikikuza picha ndege anakuwa kama amechorwa kwa matope. (Kijana wa Kampemba)

JIBU. Usikuze. Kukuza kwa vidole ni kukata picha na kuitanua. Wewe mlete ndege kwenye simu, na huu ndio wakati wake: kuanzia Juni hadi Oktoba maji yanavuta ndege kuliko chakula.

Chukua sahani pana ya udongo, tia maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5, weka jiwe katikati lenye mgongo ulio juu ya maji. Iweke mita 2 au 3 kutoka kichaka: karibu kiasi cha ndege kukimbilia, mbali kiasi cha paka kushindwa kumrukia. Juu yake ning'iniza chupa yenye tundu la sindano kwenye kizibo, idondoshe tone moja kila sekunde mbili tatu. Tone linalodondoka ndilo linaloita. Badilisha maji kila siku ya pili, usije ukafuga mbu.

Kabla ya simu, weka kopo lenye ukubwa wa simu sentimita 50 kutoka sahani kwa siku tatu. Siku ya nne libadilishe na simu. Kwenye simu nyingi zinazopokea waya, kitufe cha sauti cha spika za masikioni zenye waya hupiga picha. Ukikosa waya mrefu, rekodi video ya 4K (ubora wa juu) na utoe picha humo, kila moja ina pikseli milioni 8 hivi. Ila mwanga ukiwa hafifu, video hutumia shata ya polepole na mabawa huwa ukungu. Kwa hiyo sahani ikae juani. Vumbi jekundu la kiangazi futa kwa kitambaa laini baada ya kulipuliza kwanza; ukianza kwa kufuta, unakwaruza kioo.

SWALI. Fumbwe wangu mwenye mkia mrefu alipotea mvua zilipokwisha. Ameliwa? (Papa wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

JIBU. Huenda bado unamlisha, Papa. Fumbwe dume (wa mabawa, si fumbwa, mboga ya kwenye sahani) huvua ule mkia mvua zikiisha na kubaki wa kahawia wenye michirizi, kama jike. Tafuta mdomo mwekundu kati ya ndege wadogo wanaookota mtama chini. Mpige picha sasa, kisha mwezi baada ya mwezi kwenye tawi lilelile mvua zikirudi: mkia ukiota nusunusu ni picha ambayo wachache wanayo.

SWALI. Ndani ya lenzi ninayoitunza kwenye mfuko wa ngozi kuna nyuzi kama utando wa buibui. (Msomaji wa Ruashi)

JIBU. Ni kuvu, matunda ya mfuko wa ngozi na mvua za kuanzia Novemba. Mfuko huo unashika unyevu, utoe. Tumia sanduku la plastiki la chakula linalofunga kwa nguvu, pamoja na punje za silika zinazobadilika rangi. Zikibadilika, zimwage kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, uzikaushe juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye moto mdogo hadi rangi irudi. Mchele usitie, unga wake unaingia kwenye pete za lenzi. Kuvu iliyokwisha kuota inasafishwa na fundi anayefungua lenzi, na ukichelewa inakula kioo chenyewe.

SWALI. Je, naweza kukata majani yanayoficha kiota cha mnana ili nipate picha? (Msomaji wa Kamalondo)

JIBU. Hapana. Majani hayo ndiyo paa lao na ndiyo yanayomzuia kunguru asione makinda. Piga dume akining'inia chini ya kiota akipepea mabawa kuita jike. Hapo yuko wazi kabisa, na hahitaji flashi.