Honi ya upepo kwenye Fuso: mwambie fundi asing'oe usukani

Mkuu, una Fuso Fighter, umeshanunua honi ya upepo ya matarumbeta mawili, unataka ilie ukibonyeza palepale katikati ya usukani, na fundi wako wa Buzuruga anasema lazima ang'oe usukani apitishe waya mpya. Mwambie aache kwanza. Waya unaoutafuta uko mbele ya gari nyuma ya grili, umechomekwa kwenye honi ya kawaida.

Nafunga umeme wa malori hapa Nyakato, Mwanza, na honi zinazoletwa zikiwa zimeharibu kitu ni zile ambazo mtu alilazimisha umeme wote upite kwenye usukani. Magari ya zamani yana pete ya shaba chini ya usukani na kaboni ndogo inayoigusa kwa springi. Kazi yake ni kupeleka ishara kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, basi. Kuna lori lililetwa likitokea Bunda, kampresa ya umeme ya honi imeungwa moja kwa moja kwenye hiyo pete. Kaboni ilipata moto, plastiki ikayeyuka, kibonyezo kikagandia. Honi ililia mfululizo kuanzia Igoma, watu wanatoka madukani kuangalia, mpaka dereva alipochomoa waya wa betri. Gari lenye mfuko wa hewa kwenye usukani ndiyo kabisa usiguse: mle ndani kuna utepe mwembamba wa nyaya uliojiviringa, na ukirudishwa bila kukaa katikati unakatika ukikata kona hadi mwisho.

Sasa pima. Chukua taa ya kupimia yenye balbu ya volti 24, bana klipu yake kwenye chuma kisafi cha chasisi, washa swichi ya gari, halafu gusa nyaya za honi ya kawaida mmoja mmoja. Taa ikiwaka kabla mtu hajabonyeza chochote, ujue honi inapata chanya muda wote na usukani ndio unaoleta hasi. Ikiwaka pale tu tandiboi anapobonyeza, chanya inatoka kwenye rilei ya gari. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, wanaunga kwa mazoea, kisha wanasema honi ni mbovu.

Rilei mpya, ya volti 24, ina miguu yenye namba. 30 inapokea chanya kutoka betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri, siyo mwisho wa waya. 87 inakwenda kwenye valvu ya umeme ya honi, ile inayofungulia upepo wa tanki uingie kwenye matarumbeta. 85 na 86 ni za koili, sehemu inayopokea ishara ya kuwasha rilei. Kama taa yako iliwaka baada ya kubonyeza, 86 iunge kwenye waya huo wa honi na 85 kwenye bodi. Kama iliwaka muda wote, 86 ichukue chanya hiyo na 85 iende kwenye waya ule mwingine, ule ambao usukani unauletea hasi. Valvu inakula umeme kidogo, fyuzi ya ampea 5 inatosha. Honi yenye kampresa yake ya umeme ni habari nyingine: soma kibandiko chake ndipo uchague waya na fyuzi.

Angalia pia volti za honi uliyonunua, maana nyingi za madukani ni za volti 12, za kina Noah. Utashauriwa uchukue 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Usikubali. Betri hiyo itakuwa inapungua peke yake huku mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati. Rudisha dukani ubadilishiwe.

Umeme ndio huo. Kwangu mimi hatari zaidi ni upepo, na hakuna aliyekuuliza unautoa wapi. Usitoboe popote kwenye njia ya breki. Malori mengi ya breki za upepo yana valvu inayogawa upepo kwenye njia nne: 21 na 22 ni breki za mguu, 23 kwa kawaida ni breki ya mkono na tela, 24 ni matumizi mengine. Honi inakaa kwenye 24. Paipu yake ikipasuka ukiwa unateremka, valvu inafunga upande huo na breki zinabaki na upepo wake. Fuso za zamani ambazo hazina mgawanyo huo zifungiwe valvu ya kulinda presha kabla ya honi, ile inayofunga njia ya honi presha ikishuka. Mtu atakwambia valvu ya njia moja inatosha. Hiyo inazuia upepo kurudi, haizuii kutoka.

Matarumbeta yaelekee mbele na yainame kidogo ili mvua isituame ndani. Fungulia maji ya tanki la upepo mara kwa mara, kwa unyevu huu wa ziwani yanajaa upesi, na yakifika kwenye valvu honi inakoroma badala ya kulia. Paipu na waya viachiwe nafasi pale kichwa kinapokunjuka, la sivyo siku ya kwanza ya kukagua injini vinang'oka.

Honi ya kawaida usiitoe. Weka swichi ya kuchagua kwenye dashibodi, ikate ule waya wa ishara unaokwenda kwenye rilei mpya. Mjini, hasa ukipita chini ya hospitali ya Bugando, ibaki ya kawaida. Na kule Misungwi ng'ombe wakiwa kando ya barabara, usiwapigie ya upepo hata kama una haraka ya kufika Kigongo. Wanashtuka, na nusu yao wanakimbilia mbele yako. Pungua mwendo, gusa ya kawaida, msubiri mchungaji.

Ukimaliza kufunga, jaza upepo, zima injini, pakaza povu la sabuni kila kiungo na utazame geji. Mshale ukishuka zaidi ya ulivyokuwa ukishuka kabla ya honi, gari lisitoke gereji.