Barua ya Kusoma Siku ya Hukumu: Niliyojifunza Baada ya Kumpoteza Mdogo Wangu

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia: "Kaka, aliyemgonga mume wangu kwa boti amekiri kosa. Nimeambiwa niandae maelezo ya kusoma siku ya hukumu. Nianzie wapi?" Nimeshindwa kumjibu kwa maneno mawili matatu, ndiyo maana naandika hapa.

Mdogo wangu alikufa jioni, akiwa peke yake kwenye mtumbwi, ziwa limetulia. Boti ya mwendo kasi ilimpitia juu. Polisi walipomaliza uchunguzi walitukabidhi kafi lake. Lilikuwa limekatika, lakini utepe aliouzungushia mwenyewe pale pa kushikia haukuwa umefunguka hata kidogo.

Kesi ilisikilizwa Kanada. Sheria ya huko haitofautishi boti na gari, vyote ni vyombo. Ukiendesha chombo kwa hatari ukaua, unaweza kufungwa maisha. Ukijeruhi, kifungo kinaweza kufika miaka 14. Mimi niling'ang'ania neno "maisha". Nilichelewa kujua kwamba adhabu ya chini kabisa, kwa kosa la kwanza, ni faini ya dola 1,000.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa sita. Nilimtukana yule bwana aliyeendesha boti, nikasimulia nilivyosikia kwamba ana tabia hiyo siku zote, nikadai asitoke gerezani. Mwendesha mashtaka akapitisha penseli, zaidi ya nusu ikaondoka. Nilidhani anamtetea! Kumbe maelezo yale ni ya madhara tuliyopata sisi: ya mwili, ya moyo, ya mali na kipato. Tuhuma zisizothibitishwa haziingii. Kupendekeza adhabu nako ni mpaka mahakama iruhusu.

Kwa hiyo dada yangu, andika ulichopoteza. Usiandike "maisha yameharibika", kila mtu husema hivyo. Mimi niliandika kwamba mama hulala sebuleni mpaka leo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimfungulia mdogo wangu mlango usiku. Jaji aliirudia sentensi hiyo alipokuwa akitoa hukumu. Beba na picha ya marehemu, sheria ya Kanada inakuruhusu kuwa nayo unaposoma, mradi mahakama haioni kwamba itavuruga shauri. Na andika ulichopoteza wewe, si alichofanya yeye. Narudia kwa sababu hapo ndipo nilipokosea.

Yule bwana alipewa miaka mitatu. Aliyekiri hupunguziwa, naelewa, lakini bado inaniuma. Jamani, msiipime thamani ya mtu wenu kwa miaka ya kifungo, mtaumia mara mbili. Nanyi mnaoendesha boti, mtumbwi hukaa chini sana majini, na jua la jioni likikupiga machoni huuoni. Punguza mwendo! Usingoje kwenda kuomba radhi mahakamani mbele ya mama wa mtu.

Dada, kesho nakutumia ile barua ya kurasa sita, na alama zake zote za penseli.