Jeti ya kabureta na jeti ya angani

Umeuliza kwa nini fundi anasema "jeti imeziba" wakati pikipiki si ndege. Neno ni lilelile: kitu kinachochupa kwa kasi kupitia tundu. Kwenye ndege ni gesi ya moto. Kwenye printa, matone ya wino. (Jeti lile jiwe jeusi la mapambo lina asili nyingine kabisa.)

Kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini), jeti ni kiskrubu chenye tundu katikati kinachopima petroli inayochupa humo. Aghalabu ziko mbili. Ndogo ikiziba, injini huzima ukiachia mkono wa mafuta. Kubwa ikiziba, injini inakosa nguvu ukivuta mkono huo hadi mwisho. Funga koki ya petroli, fungua bakuli la chini ya kabureta, zitoe, zipulize kwa kompresa. Usichokoe kwa waya wa chuma! Tundu likipanuka kidogo tu, petroli inazidi, moshi unakuwa mweusi na plagi (inayotoa cheche ya kuwasha petroli) inashika masizi.