Aleji ya pua na rufaa ya VA: soma barua ya kukataliwa kabla hujagusa fomu yoyote

Hii naandika kwa wenzangu mliotumikia jeshi la Marekani, wale tulioingia kwa mlango wa MAVNI (ule mpango wa kuchukua wageni wasio na grinkadi kwa sababu ya ujuzi kama lugha) kipindi kile Kiswahili kilikua kwenye orodha ya lugha zinazotafutwa, na nyie mlioingia na grinkadi zenu. Najua watu wanaona haya kuomba VA, idara ya Marekani inayowalipa veterani kwa magonjwa waliyopata jeshini, fidia ya pua wakati kuna mwenzao amerudi bila mguu. Usione haya. Pua ikiziba mwaka mzima hulali, usipolala kichwa kinagonga, kazini unasinzia, nyumbani mkeo ashahamia chumba cha watoto kwa sababu ya kukoroma, na sheria yenyewe inaitambua hii kitu, ina mpaka namba yake kwenye jedwali la VA la kupanga asilimia za magonjwa, 6522.

Ombi langu la kwanza lilikataliwa, rufaa ikapita. Pua ilikua ile ile, kilichobadilika ni makaratasi.

Sasa watu wengi barua ikisema hapana wanasoma mstari wa kwanza alafu wanaitupa ama wanakimbilia kukata rufaa wakiwa na hasira bila kujua wamekataliwa kwa nini. Isome yote, taratibu. Ili ukubaliwe unatakiwa uonyeshe vitu vitatu: ugonjwa unao sasa hivi, kuna kitu kilitokea ukiwa jeshini, na daktari anaunganisha hivyo viwili. Barua inaeleza umekosa kipi. Na ndani kuna sehemu imeandika yale waliyoyakubali upande wako, hio ni dhahabu, maana wakishayakubali wanaosikiliza baadae wanafungwa nayo mpaka kuwe na ushahidi ulio wazi kabisa wa kuyapindua. Mimi walikubali ugonjwa upo. Kilichokosekana ni muunganiko, rekodi za jeshi zilionyesha tu mafua ya hapa na pale, na aleji ya msimu inayoisha ukiondoka kwenye vumbi ama chavua, kanuni (3.380) inaihesabu kama ugonjwa wa kupita tu. Kwa hiyo kazi yangu ikawa moja, kuonyesha kwamba hii yangu haipiti.

Hapo ndo unachagua njia. Tangu Februari 2019 ziko tatu. Ukiwa na ushahidi mpya unajaza fomu 20-0995. Kama unaona ushahidi ulikuepo tayari ila waliuamua vibaya, ni 20-0996, anapitia afisa mkubwa zaidi, ila kumbuka hapo huongezi karatasi hata moja, unaweza tu kuomba kuongea nae kwa simu umwonyeshe kosa liko wapi. Ya tatu ni kwenda kwa majaji wa Bodi ya rufaa za veterani, fomu 10182, hio huchukua muda mrefu. Kwa aleji ya pua mimi nasema karibu kila mara anza na ya kwanza, kwa sababu tatizo letu ni ushahidi haupo, na huwezi kumlaumu afisa kwa karatasi ambayo hakuiona. Fanya ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, ukipitisha mwaka hio fomu ya kwanza wataipokea ila ile tarehe yako ya kuanza kulipwa inapotea, na hizo ni hela za miezi mingi.

Ushahidi gani sasa. Jeshini nani anaenda kwa daktari kwa sababu ya kamasi? Unanunua setirizini, dawa ya aleji, dukani, unameza, unaingia zamu. Ndo maana rekodi ziko tupu. Dawa yake ni watu. Mliyelala nae chumba kimoja kambini aandike kwenye fomu 21-10210, aseme alikuona unapumulia mdomo usiku, unapiga chafya kila asubuhi, ilianza lini na mlikua wapi. Mkeo ama mumeo nae aandike anachokiona tangu utoke. Kingereza chepesi kinatosha, wasipambe, waseme walichokiona kwa macho yao. Alafu nenda kwa daktari wa pua na koo, beba rekodi zako za jeshi na hizo barua, azisome KABLA hajaandika kitu. Hahitaji kuapa, kipimo cha sheria ni kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu ama zaidi, na mizani ikilingana faida ya shaka unapewa wewe. Ila lazima aeleze KWA NINI. Barua ya mistari miwili isiyo na sababu haibebi uzito, hata kama amesaini bingwa.

Kuna swali moja linatuumiza sana sisi tuliokulia nyumbani Afrika. Mpimaji wa VA anakuuliza, ulikua na hii shida kabla ya jeshi? Na wewe kwa ustaarabu wako unajibu aah, nyumbani mafua kila mtu anapata, vumbi si unajua. Bas, anaandika ulikuja nayo. Sema ukweli wako ila uutenganishe, mafua ya siku tatu ya utotoni sio pua kuziba mwaka mzima. Na kama ulipopimwa kuingia jeshini hawakuandika shida yoyote ya pua, sheria inachukulia uliingia mzima, ni wao watakiwao kuleta ushahidi usio na shaka kwamba ulikua nayo na pia kwamba jeshi halikuizidisha. Vyote viwili. Kama kweli ulikua nayo na ikaandikwa, bado unaweza kudai kwamba jeshi liliizidisha.

Kama ulipelekwa Iraki, Kuwait, Qatar, hata Somalia, kuanzia 2 Agosti 1990, ama Afghanistan na Djibouti kuanzia 11 Septemba 2001, simama kwanza hapo. Sheria ya PACT iliyosainiwa 10 Agosti 2022 imeweka rinaitisi sugu (uvimbe wa ndani ya pua usioisha) kwenye orodha ya magonjwa yanayochukuliwa moja kwa moja kwamba yametokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka na vumbi la kule, hata ile barua ya daktari ya kuunganisha haihitajiki. Mwambie daktari wako kama ni sugu aandike sugu, asiandike aleji tu akaishia hapo. Na kama ulikataliwa kabla ya hio sheria, rudi ukaombe tena.

Siku ya kupimwa, mpimaji aangalie ndani ya pua zote mbili. Nina jamaa yangu alipimwa kwa maswali tu, hakuna aliyemwangalia, na ripoti ikasema njia ziko wazi. Asilimia zenyewe, yani kiwango cha ugonjwa kinachopanga malipo, ni hivi: ukiwa na nyama zilizoota ndani ya pua ni 30, usipokua nazo lakini njia zimeziba zaidi ya nusu pande zote mbili, ama upande mmoja umeziba kabisa, ni 10, ambayo 2025 ilikua dola 175.51 kwa mwezi bila kodi. Kama unatumia dawa ya kupuliza eleza hali inakuaje ukiikosa, maana mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya veterani kwenye kesi ya Jones iliamua kwamba nafuu ya dawa haihesabiwi pale ambapo vigezo vya ugonjwa havitaji dawa, na 6522 haitaji.

Usimlipe mtu akujazie fomu. Vyama vya veterani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi walioidhinishwa wanaofanya bure kabisa. Wakili ni sawa kama mambo ni magumu, ila nae awe ameidhinishwa na VA na bei muandikiane.

Na ukipewa asilimia sifuri usitukane. Sifuri maana yake wamekubali imetokana na jeshi, pua yako inatibiwa VA bila kuchangia, na ukizidiwa unaomba kuongezewa bila kuthibitisha upya chanzo. Kikubwa zaidi, ugonjwa mwingine uliosababishwa na hio pua, kama sainasi ama pumzi kukatika usingizini, unaweza kuuombea kupitia hapo, ila nao unataka daktari wa kuuunganisha. Kwa hiyo kama unakoroma na kushtuka usiku, omba kipimo cha usingizi sasa, na siku hio hio tuma fomu 21-0966, ya kusema unakusudia kuomba, ili tarehe yako ishikwe kwa mwaka mmoja wakati unakusanya karatasi.