Jibu: Kibanda cha ramli kwa michoro yetu wenyewe

Mkuu, umeuliza kama ni lazima mchore karata zote 78 za taroti (karata za picha za kupigia ramli) ndipo mfungue kibanda cha ramli kwenye tamasha la mtaa. Hapana, mtachoka bure. Chukueni zile 22 kuu tu, zenye picha na jina lake kila moja, kama Jua au Mwezi, au mbuni zenu kabisa. Taroti yenyewe ilianza Italia karne ya 15 kama mchezo wa karata. Ubashiri ulishika kasi Ufaransa karne ya 18, kwa hiyo hakuna mzimu mtakaoukasirisha.

Kazi iko kwenye mchoro. Usichore jibu, chora tukio lililokatika katikati: mwanamke kashika kitasa cha mlango, hujui anatoka au anaingia. Mgeni afunue karata mwenyewe, kisha mpiga ramli aanze kwa kuuliza, "Unaona nini hapo?" Akishasema, nusu ya utabiri kaumaliza yeye. Kifo, ugonjwa na ndoa kuvunjika msivitabiri hata kwa utani. Wapo wanaokuja na yao moyoni.

Michoro halisi msiwape watu waishike, vidole vina mafuta. Itundikeni ukutani, mezani wekeni nakala za karatasi ngumu. Foleni ikirefuka, karata moja kwa mtu inatosha.